Leseni za Programu za Migodi: Mafunzo Kutoka Ofisi za Mipango za Kolwezi

Uchimbaji wa shaba na kobalti katika mkoa wa Lualaba hutegemea vitu vinavyoonekana, kama malori, baruti, pampu na viwanda vya kuchenjulia, lakini hutegemea pia kitu kisichoonekana ambacho wakuu wengi wa migodi hukikumbuka siku kinapokosekana tu, nacho ni leseni ya programu ya uhandisi. Leseni hiyo ni ruhusa ya kidijitali ambayo mtengenezaji wa programu humpa mnunuzi ili kompyuta fulani, au mtu fulani, aweze kuifungua programu kwa muda uliokubaliwa. Ruhusa ikikoma, programu hukataa kufunguka, na mafaili yaliyotengenezwa kwayo hubaki kwenye diski yakiwa mazima lakini hayasomeki. Makala haya yanatokana na kumbukumbu za mwandishi aliyefanya kazi ya mipango ya migodi kandokando ya Kolwezi; kampuni zilizohusika hazitajwi, kwa kuwa matatizo yanayoelezwa yalijirudia karibu kila mahali. Hoja inayotetewa ni kwamba hasara kubwa inayoletwa na leseni haionekani kwenye ankara, kwa sababu inatokea pale mgodi unaposhindwa kusoma maarifa yake wenyewe juu ya mwamba wake.

Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ili uwe makao ya migodi yake ya magharibi, na baada ya mali za kampuni hiyo kutaifishwa mwaka 1967 migodi ikawa chini ya shirika la serikali ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Gécamines. Kwa miongo mingi maarifa juu ya mwamba yalihifadhiwa katika karatasi, yaani ramani, majedwali ya mashimo ya uchorongaji, na michoro ya mikato inayoonyesha ardhi kana kwamba imekatwa wima na kutazamwa ubavuni. Karatasi ina udhaifu wake, kwa maana huungua, huliwa na mchwa na huhamishwa. Sehemu kubwa ya nyaraka za jiolojia za enzi ya ukoloni imo hadi leo katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji. Hata hivyo, karatasi iliyobaki Kolwezi iliweza kusomwa na yeyote aliyefundishwa kuisoma, bila kuomba kibali cha mtu aliye ng'ambo.

Hali ilibadilika katika kipindi cha kuanguka na kufufuka kwa migodi. Uzalishaji wa Gécamines, uliozidi tani 470,000 za shaba mwaka 1986, uliporomoka katika miaka ya 1990, baada ya sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto kubomoka Septemba 1990 na uchumi wa nchi kuvurugika. Sheria ya Migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa wawekezaji wa nje, ambao walikuja na mitambo mipya na pia na namna mpya ya kufikiri juu ya mwamba, na meza za wachoraji zikapisha kompyuta. Mgodi wa Kamoa-Kakula, uliotoa makinikia yake ya kwanza mwaka 2021, haukupitia kamwe enzi ya meza hizo, kwani tangu mwanzo ulipangwa katika programu.

Jiolojia ya Katanga inaeleza kwa nini programu hizo hazikwepeki. Mbale ya Kolwezi na Fungurume, yaani mwamba wenye madini ya kutosha kuchimbwa kwa faida, hukaa katika mfululizo ambao wanajiolojia huuita Série des Mines, kwa kawaida katika matabaka mawili yanayotenganishwa na mwamba wa silika wenye matundu uitwao kwa kifupi RSC. Matabaka hayo yamekunjwa, yamekatika na kusukumwa hata yakabaki vipande vikubwa, vinavyoitwa écailles, vilivyozama ndani ya mwamba uliovunjikavunjika, kiasi kwamba shimo moja la uchorongaji linaweza kupita katika shaba nyingi na jirani yake lisikute kitu. Ili kujua ni tani ngapi zilizopo na kwa kiwango gani, mhandisi huigawanya ardhi katika maelfu au mamilioni ya michemraba, kila mmoja ukipewa kadirio la shaba, kobalti, uzito na aina ya mwamba, na mkusanyiko huo wote ndio huitwa modeli ya vipande. Mpango wa mwezi, ramani ya ulipuaji, mchanganyiko wa mbale inayopelekwa kiwandani na hata thamani ya mgodi mbele ya benki vyote huchotwa humo.

Inafaa kukumbuka kwamba hesabu zinazoijenga modeli hiyo si siri ya mtu. Ukadirio hufanywa kwa mbinu iitwayo krigingi, iliyotokana na kazi ya Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini aliyeandika tasnifu yake mwaka 1951 juu ya dhahabu ya Witwatersrand, kisha ikapewa msingi wa kinadharia na Mfaransa Georges Matheron. Nao mpaka wa shimo la wazi wenye faida kubwa kuliko yote hutafutwa kwa njia iliyochapishwa na Lerchs na Grossmann mwaka 1965. Mwanafunzi wa kitivo cha Polytechnique cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi anaweza kuzisoma hesabu hizo zote bila kumlipa yeyote. Kinachouzwa na watengenezaji wa Surpac, Datamine, Vulcan, Micromine au Deswik ni wepesi wa kuzitumia, msaada wa wataalamu, na haki ya kufungua programu, na kiti kimoja, yaani nafasi ya mtumiaji mmoja kwa wakati mmoja, hugharimu kwa kawaida maelfu mengi ya dola, bila kuhesabu moduli za ziada na ada ya matengenezo ya kila mwaka.

Wamiliki wenyewe wa programu hizo hawakai mahali pamoja. Surpac, iliyozaliwa Australia, iliingia mikononi mwa kampuni ya Kifaransa ya Dassault Systèmes mwaka 2012. Leapfrog ya New Zealand ilienda kwa Bentley ya Marekani mwaka 2021. Na Deswik ya Brisbane ikanunuliwa na Sandvik ya Sweden mwaka 2022. Kila mara umiliki unapobadilika, masharti ya leseni, bei na anwani ya kuomba msaada huweza kubadilika pia, na mgodi ulioko Lualaba hupata habari hiyo baada ya mambo kwisha. Mwelekeo wa soko nao umekuwa ni kuacha kuuza programu moja kwa moja na kuikodisha kwa mwaka, kama ilivyofanya Autodesk, mtengenezaji wa AutoCAD, ilipoacha mwaka 2016 kuuza leseni mpya za kudumu. Aliyezoea kumiliki alijikuta amekuwa mpangaji.

Leseni zenyewe ni za namna tatu, na kila namna ina usumbufu wake katika mazingira ya Kolwezi. Ya kwanza ni ufunguo wa USB, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta, ambacho programu hukitafuta kila inapofunguliwa. Kifaa hicho hupotea, huvunjika, na wakati mwingine huondoka mfukoni mwa mtaalamu anayekwenda likizo, na kukibadilisha huhitaji kutuma kingine kutoka ng'ambo na kukipitisha forodhani. Ya pili ni leseni ya pamoja, ambayo wafanyakazi wa Kolwezi huiita kwa Kifaransa jeton, ambapo seva moja huwa na idadi fulani ya ruhusa na kumgawia kila anayefungua programu hadi zitakapokwisha. Ya tatu, ambayo ndiyo inayoenea zaidi sasa, ni leseni ya jina, inayofungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja na kuthibitishwa kupitia intaneti. Leseni ya jina haipatani kwa urahisi na utaratibu wa migodi ya Lualaba, ambako wataalamu wengi hufanya kazi kwa zamu za wiki kadhaa kisha hupumzika, kwa hiyo leseni iliyolipiwa hulala pamoja na mwenye jina akiwa Lubumbashi au Johannesburg, huku aliyemrithi mezani akikosa ya kwake. Kumkopesha nywila kungemaliza tatizo la siku hiyo, lakini ni kuvunja mkataba.

Leseni ya pamoja ndiyo iliyojaza kumbukumbu nyingi zaidi. Jetoni hufanana na kiti cha taksi-basi, kwa kuwa aliyekikalia humzuia mwingine hata kama amesinzia. Mjiolojia wa kudhibiti kiwango cha mbale aliyefungua programu alfajiri, akaitwa shimoni kukagua mwamba uliolipuliwa na kurudi mchana, alikuwa amekizuia kiti kwa muda wote huo bila kuandika mstari mmoja. Katika ofisi mojawapo sentensi iliyosikika mara nyingi kuliko zote ilikuwa, "Papa, jeton zimeisha, ngojea kidogo," nayo kwa kawaida ilisemwa na kijana kwa mkuu wake, kwa heshima, bila kuacha kuangalia kioo. Siku za mwisho wa mwezi, wakati wapimaji, wajiolojia na wahandisi wa mipango walihitaji programu kwa saa zilezile ili kulinganisha tani zilizopangwa na tani zilizochimbwa, ofisi nzima iligeuka foleni. Uongozi ulisikia malalamiko na kudhani kwamba kinachohitajika ni kununua viti zaidi.

Dawa ilipatikana katika seva yenyewe. Programu inayosimamia leseni huandika katika daftari lake kila ruhusa inayotolewa, inayorudishwa na inayokataliwa, pamoja na saa na jina la mtumiaji, na fundi wa kompyuta aliyepewa muda wa kulisoma daftari hilo aligundua kwamba viti vilikuwa vikikaliwa bila kazi kwa sehemu kubwa ya siku. Aligundua pia kwamba baadhi ya watumiaji walifungua kifurushi kizima cha moduli kwa ajili ya kutazama ramani tu, na kifurushi kilipofunguliwa kilizuia hata moduli ya kupanga ratiba ambayo wengine waliihitaji. Baada ya kuweka sharti la kurudisha leseni isiyotumika kwa muda fulani, na kumtengea mpangaji wa ratiba kiti chake katika siku za mwisho wa mwezi, foleni ilipungua kwa kiasi kikubwa bila dola moja ya ziada kulipwa.

Umeme ulileta tatizo ambalo wauzaji hawakulitarajia. Seva ya leseni hulinganisha saa yake na tarehe zilizoandikwa katika faili ya leseni, na ikiona kwamba saa imerudi nyuma hudhani kuna mtu anayejaribu kurefusha muda kwa udanganyifu, hivyo huzifunga programu zote. Mto Lualaba una mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke karibu na Kolwezi tangu miaka ya 1950, na njia kuu ya umeme kutoka Inga ilifika katika eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida na jenereta za dizeli huchukua muda kuwaka. Kompyuta ambayo betri yake ndogo ya ndani imechoka huamka baada ya giza ikiwa imesahau tarehe, ikijiona iko katika mwaka uliopita zamani, na kosa hilo dogo la kifaa cha bei ya chini lilitosha kuwaweka wahandisi wote nje ya kazi yao kwa asubuhi nzima. Kuomba msaada nako kulikuwa na shida ya masaa, kwa kuwa saa sita mchana ya Kolwezi ni saa kumi na mbili jioni mjini Perth, Australia, ambako msaada uliombwa, na barua iliyotumwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana ilikuwa na hakika ya kusubiri hadi Jumatatu.

Hata hivyo, hakuna tukio lililofundisha zaidi ya leseni kuisha muda. Leseni nyingi za mwaka huisha tarehe 31 Desemba, siku ambayo ofisi za Australia zimefungwa kwa likizo ya kiangazi chao, na ambayo Kolwezi iko katikati ya masika, mashimo yakijaa maji na mipango ya uchimbaji ikibadilishwa mara kwa mara kulingana na pampu zinazofanya kazi. Ombi la kulipa hupita idara ya mipango, idara ya ununuzi, makao makuu na benki, na ankara kifani ikikosewa namba moja hurudishwa mwanzo. Mwaka mmoja, katika mgodi ambao mwandishi aliutumikia, malipo yalichelewa kwa sababu hizo na programu ikafungwa katika juma la kwanza la Januari. Wapimaji waliendelea kupima, lakini vipimo vyao havikuweza kuingizwa katika modeli, na kiwanda kiliendelea kudai mbale ya kiwango kilichoahidiwa.

Aliyeiokoa kazi alikuwa mchoraji mzee aliyefundishwa na Gécamines, ambaye vijana walimtambua zaidi kwa utaratibu wake wa kupanga majalada. Aliposikia tatizo alisema, "Leteni karatasi ya milimita, halafu mnisomee namba za mashimo moja moja," na kwa muda wa siku chache alichora mikato ya ngazi zilizokuwa zikichimbwa, akiunganisha tabaka la juu na la chini pande zote mbili za RSC kwa mkono, huku wahandisi wakihesabu tani katika majedwali ya Excel. Michoro hiyo haikuwa na usahihi wa modeli, lakini ilitosha kumwambia dereva wa ekskaveta achimbe wapi. Kilichoiwezesha ni kwamba majedwali ya uchorongaji yalikuwa yamenakiliwa kando kama maandishi ya kawaida, kwa sababu mjiolojia mmoja aliyetangulia hakuiamini seva. Laiti yangekuwa ndani ya hifadhi ya programu peke yake, hata mchoraji huyo asingekuwa na cha kuchora.

Suala la nani anaweza kuisoma modeli linavuka mipaka ya ofisi moja. Kuanzia mwaka 2021 Gécamines, mbia mwenye hisa 20 kwa mia katika mgodi wa Tenke Fungurume, ilimlaumu mbia wake mkuu, kampuni ya Kichina ya CMOC, kwamba hakutangaza ipasavyo ongezeko la akiba ya madini, lawama ambayo CMOC iliikataa. Mauzo ya nje yalisimama mwaka 2022, na mwaka 2023 pande hizo zilipatana kwa CMOC kukubali kuilipa Gécamines dola milioni 800 kwa awamu. Mzozo huo haukuhusu leseni za programu, wala haidaiwi hapa kwamba zilichangia. Unaonyesha hata hivyo kwamba akiba ya madini ni hesabu inayokaa ndani ya modeli, na kwamba mbia asiyekuwa na wataalamu, data na nyenzo za kuifungua na kuipima upya hubaki akiamini au akitilia shaka takwimu za mwenzake bila njia ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Kolwezi hulizungumza kwa sauti ya chini, nalo ni nakala zilizovunjwa kufuli. Kijana anayesoma uhandisi wa migodi Kolwezi au Lubumbashi anajua kwamba tangazo la kazi litamtaka ajue programu fulani, na kwa kuwa leseni yake inazidi uwezo wa familia nyingi, huipata nakala hiyo katika diski ya rafiki. Sababu inaeleweka, lakini madhara yapo: nakala hizo hubeba virusi, na ikitokea moja kuchomekwa katika mtandao wa mgodi, mtengenezaji anaweza kuigundua na kudai fidia kutoka kwa mwajiri. Leseni za bei nafuu zinazotolewa kwa vyuo ni njia iliyo safi zaidi, ingawa mwanafunzi huiacha chuoni anapohitimu, na chuo hakiruhusiwi kuitumia kwa kazi ya biashara.

Mafunzo yanayotokana na kumbukumbu hizi si magumu kuyataja. La kwanza ni kwamba leseni iwe na mwenye dhamana, mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye daftari la tarehe za kuisha, moduli, watumiaji na namba za mikataba, na anayepewa uzito uleule anaopewa msimamizi wa dizeli, kwa kuwa ikikosekana mojawapo mgodi husimama. La pili ni kupima kabla ya kununua, kwa kusoma kile ambacho seva imekiandika, badala ya kutegemea kelele za ofisi. La tatu ni kujadili mkataba kwa kuzingatia mahali: tarehe ya kuisha ihamishiwe katikati ya kiangazi cha Lualaba, mwezi wa Juni au Julai, kuwe na siku za neema baada ya muda kwisha, leseni ya jina iruhusiwe kuhamishwa kati ya watu wa zamu, na seva ipewe betri, saa inayorekebishwa kwa mtandao, na mwenzake wa akiba.

La nne, ambalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kutoyaacha maarifa ndani ya kufuli. Kila mwisho wa mwezi mashimo ya uchorongaji, majibu ya maabara, mipaka ya shimo na modeli ya vipande vinaweza kutolewa katika miundo iliyo wazi, yaani namna za kuhifadhi data ambazo maelezo yake yamechapishwa na programu yoyote inaweza kuzisoma: CSV kwa majedwali, DXF kwa michoro, na OMF, muundo uliobuniwa mahsusi kwa ajili ya migodi. Programu huria kama QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, pamoja na lugha za R na Python, zinatosha kwa ramani, kwa ukaguzi wa takwimu na hata kwa krigingi. Hazijafikia programu za kulipia katika usanifu wa shimo na upangaji wa ratiba, na anayedai vinginevyo atawapotosha vijana. Lakini kwa kazi ya kukagua, ambayo ndiyo anayoihitaji mbia, mkaguzi wa serikali na mwalimu wa chuo, zinakwenda mbali, na hazina tarehe ya kuisha.

Kwa hiyo wito unakwenda kwa pande tatu. Gécamines na idara za serikali zinazosimamia migodi zidai katika mikataba ya ubia kwamba modeli na data zake zikabidhiwe katika miundo iliyo wazi, pamoja na maelezo ya namna zilivyojengwa. Vyuo vya Kolwezi na Lubumbashi vifundishe hesabu kwanza na vitufe baadaye, ili mhitimu aweze kuhamia programu yoyote atakayoikuta. Na wahandisi vijana wajifunze kuchora mkato kwa mkono walau mara moja. Anayekaribia kusaini mkataba wa leseni mwaka huu na aulize kwanza ni mafaili yapi yatakayosomeka leseni hiyo ikiisha kesho, na jibu liandikwe ndani ya mkataba kabla ya bei.